Ng'ombe wa Mahari Pichani

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema. Nikinunua nyama pale Nyaishozi, muuzaji hupima mara mbili ndipo ninyamaze. Ndiyo maana baba alinituma mimi, mpiga picha, nikamkague ng'ombe wa mahari ya dada yangu kwa baba wa mchumba wake, mfugaji wa Kyerwa. Baba yangu mwenyewe alikuwa amevunjika mguu, bodaboda hawezi kupanda.

"Sitaki kuuziwa mbuzi kwenye gunia," alisema. "Nipigie ngozi yake kwa karibu, nione kama ina kovu."

Sisi ni watu wa migomba na kahawa. Ng'ombe tunamjua kwa maziwa tu. Mfugaji angepiga picha ya pembe. Mimi nilisogea hadi ubavu ukaijaza picha nzima, nikaiacha kamera ijipimie mwanga yenyewe. Nikarudi nyumbani Kihanga na picha ya ngozi safi, rangi ya chai ya maziwa. Baba akaridhika.

Baada ya wiki mbili wakamleta. Rangi ya kahawa iliyokaangwa! Hasira zikanipanda. Baba, akiwa kitini, akaniuliza mbele ya wageni wote, "Mwanangu, ndiye huyu?"

"Siye," nikasema. "Wamembadilisha."

Baba wa mchumba hakufoka. "Kwetu mtu habadilishi ng'ombe aliyekwisha kumtaja," alisema, akachukua fimbo yake, akamgeuza ng'ombe, na watu wake wakamfuata. Dada alikuwa chumba cha ndani, amefunikwa kitenge akisubiri kuitwa. Alisikia kila neno.

Nikawakimbilia njiani nipate ushahidi. Nikasogea kama siku ile, ubavu ukajaa, nikabofya. Kwenye kioo cha kamera ikatokea chai ya maziwa. Nikapiga tena, ikawa ileile. Nikainua macho: mbele yangu kahawa iliyokaangwa.

Kamera hutaka kila kitu kiwe na mwanga wa wastani. Ukiijaza weusi hudhani kuna giza, ikaongeza mwanga. Ilinipasa niipunguzie mwenyewe. Na jambo hili nalijua! Bibi harusi mwenye gauni jeupe huwa namwongezea mwanga, gauni lisitoke kijivu.

Nikapiga magoti kwenye vumbi. "Shikamoo, baba. Nimekosa mimi, si ninyi."

"Marahaba," aliitikia yule mzee, wala hakusimama.

Nyumbani dada alikuwa mlangoni, kitenge begani. Nikaanza kumweleza habari za vipimo vya mwanga. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kaka, ulikuwa pale, ng'ombe yuko mbele yako," akasema. "Hukumtazama?"

Siku ile nilikuwa nikimtazama yule mzee tu, nione atatuibia vipi.