Kuku Wawili wa Mama Wambui

Nilitumwa Tetu kwa sababu sina kanisa. Masika ya mwaka ule, miaka michache baada ya Uhuru, yalikuja na upepo na mvua ya mawe, yakaezua nyumba kuanzia Mweiga mpaka Tetu. Makanisa ya Nyeri, msikiti wetu na wazee wa lokesheni tukaunda kamati moja ya kuwarudishia watu mapaa. Lakini kila kanisa liliogopa kwamba lingine litawapendelea waumini wake. Pasta aliyekuwa mwenyekiti akanitazama mimi, fundi cherehani wa mjini, Mwislamu, akasema, "Saidi aende Tetu. Yeye hana mtu wa kupendelea huko." Nami napenda kusifiwa. Nikavimba kichwa.

Mabati yaliyobaki kwa upande wa Tetu yalitosha nyumba moja tu. Kazi yangu ilikuwa kuupitia mgongo mzima wa kilima cha Tetu, kutazama kila nyumba iliyoezuliwa, kisha kurudi kusema ni nani anayeumia kuliko wote, apate paa kabla ya baridi ya Julai.

Asubuhi niliondoka na lori la maziwa lililokuwa likirudisha madebe matupu. Tulizunguka kwanza Gatitu kushusha chakula cha ng'ombe, dereva akapiga soga na kila mwenye duka mpaka nikaanza kununa. Tulipofika kwenye daraja la Tetu akazima injini.

"Fundi, mwisho wangu ni hapa. Hii daraja mimi siiamini."

"Na mimi nitafikaje?"

"Wewe uko na miguu mbili, si ndio?"

Nikavua viatu nikavishika mkononi, nikapanda kilima kwenye tope. Majani ya chai yalikuwa yamechanwachanwa na mvua ya mawe. Vitanda vilianikwa nje, magodoro juu ya ua, na kuta zimesimama bila kitu juu. Watu walinisalimu vizuri, wakanionyesha hasara zao bila makelele. Nilizoea wateja wanaolalamika kwa sababu ya kifungo, kwa hiyo utulivu ule ulinisumbua.

Adhuhuri nilifika kwa Mama Wambui. Huyu ni mjane, na paa lake upepo ulilitupa katikati ya mibuni ya jirani. Alikuwa akilala zizini na ng'ombe, pamoja na binti yake Wambui aliyejifungua majuzi. Mtoto alikuwa na kikohozi. Nilimsikia kabla sijamwona.

"Karibu, Fundi. Kaa hapo, hiyo kiti ndiyo iko na miguu yote."

Kumbe habari zangu zilikuwa zimenitangulia. Chungu kilikuwa jikoni tayari, na Wambui akaniletea sahani ya irio, viazi vilivyopondwa na mahindi, na mapaja mawili ya kuku. Harufu yake, jamani! Nikameza mate, halafu nikaona uso umeanza kuniwaka.

"Mama, nisamehe sana. Sisi Waislamu hatuli nyama isipochinjwa na Mwislamu. Nitakula irio tu, inatosha."

"Ati irio tu? Mgeni wangu ale kama mfungwa?" Akageuka. "Wambui! Shika ile ingine!"

Kuku yule mwingine ndiye aliyekuwa wa mwisho. Mvua ya mawe ilikuwa imewaua kuku wake wengine wote. Mama Wambui alinitia kisu mkononi akasema, "Basi chinja wewe mwenyewe." Ningeweza kukataa. Ningeweza kusema tumbo linaniuma, au nimefunga, uongo wowote wa adabu. Nikapiga bismillahi nikachinja. Yule wa kwanza wakamla Wambui na watoto wa boma, mimi nikala wa pili, na mtoto akikohoa zizini.

Hakuniuliza neno mpaka niliponawa mikono.

"Sasa sema. Hiyo mabati iko ama haiko?"

"Ipo ya nyumba moja, Mama."

"Ni yangu?"

"Bado sijamaliza kuzunguka."

"Zunguka basi. Umeshiba."

Nikamwambia angemweka yule kuku amtagie Wambui mayai. Akacheka, lakini si kwa furaha.

"Ningemweka, ungenisahau. Mimi nilitaka ukiona nyumba ya mwingine, hiyo kuku ikusumbue kwa tumbo."

Sikuweza kumtazama machoni. Nilinunuliwa mchana kweupe, na aliyeninunua ameniambia bei.

Alasiri niliumalizia mgongo, lakini nilienda mbio. Nilibisha hodi, nikachungulia, nikapita. Macho yalitazama, ila uamuzi ulikuwa umeshapita.

Jioni nilirudi mjini, na kesho yake kamati ikakaa. Nikasimama nikamtaja Mama Wambui, mtoto na kikohozi, na hakuna neno la uongo nililosema. Pasta, aliyekuwa ametumwa Mweiga, akaitaja familia aliyoichagua huko, akaisifu kwa ukarimu wao, kisha akaponyokwa na habari za supu ya mbuzi. Tukatazamana mimi na yeye. Hakuna aliyemuuliza mwenzake kitu, na kamati ikapitisha.

Wiki iliyofuata daraja lilikuwa limetengenezwa, nikaenda na mabati mpaka mlangoni. Majirani walikuja kusaidia kama ilivyo desturi yao. Mbele yao wote alikuwa mwanamume mmoja mwembamba, Njoroge, aliyekaa juu ya mbao tangu asubuhi, misumari mdomoni, akipigilia bila kupumzika. Mimi nilikuwa kwenye ngazi nikimpa misumari. Mtoto alikuwa ndani tayari, chini ya bati, na Mama Wambui akiimba. Nikajisikia mtu mwema.

"Na wewe, Njoroge," nikamuuliza, "kwako ni wapi?"

Akanyoosha nyundo kuelekea bondeni, kwenye kuta nne zilizofunikwa majani ya migomba.

"Pale. Mimi na mke wangu na watoto wanne."

"Pale? Lakini pale nilipita siku ile! Nilibisha hodi mara mbili, kukawa kimya. Nilidhani mmehama."

"Tulikuwa ndani. Mke wangu alikuona ukitoka hapa kwa Mama Wambui, ukipangusa mdomo. Akaziba watoto midomo."

"Kwa nini hamkuitika, ndugu yangu?"

Akautoa msumari wa mwisho mdomoni ili aseme vizuri.

"Hatukuwa na kitu ya kukupa, Fundi. Tuliona aibu."

Toka siku hiyo nimetumwa pengi, na huwa nabeba chakula changu na kukila njiani kabla sijabisha mlango wa mtu. Ndilo nililojifunza. Lakini Njoroge aliipitisha baridi ya Julai chini ya majani ya migomba, na aibu aliyoiona yeye ilikuwa yangu.