Umeme Ulipokatika Makandana

Siku ninayoikumbuka kuliko zote, mwanangu, ni ile umeme ulipokatika Makandana na programu niliyoiandika ikapotea. Nisikilize taratibu, siku hizi hata kusimulia kunanichosha.

Nilikuwa taipisti wa kiwanda cha chai. Kiwanda kikabinafsishwa, mwenye mali mpya akaleta kompyuta, nasi wa taipureta tukapunguzwa kazi. Nilikuwa na mtoto mchanga. Mama yangu kule kijijini Matwebe akaniambia nirudi nichume chai kama wenzangu. Nikamwomba anishikie mtoto, nijaribu kwanza kujifunza kuandika programu. Akampokea.

Mwalimu wangu alikuwa Athumani, fundi redio ambaye wazazi wake walitoka Tanga. Nyuma ya duka lake pale Makandana alikuwa na kompyuta chache kuukuu. Kila siku nilitembea kutoka Matwebe nikafika na matope mpaka magotini, nikikaa mbele ya mashine nasinzia. Ukikosea nukta moja tu, programu nzima inagoma. Nilichoka, mwanangu. Uchovu ule bado ninao mabegani.

Basi ushirika wa wafugaji ukawa unatafuta mtu wa kuwatengenezea programu ya kujumlisha lita za maziwa za kila mfugaji. Mwalimu akawaalika waje waione yangu. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa inanyesha kama kawaida yetu. Nilikuwa nahifadhi kazi kwenye disketi umeme ulipokatika. Uliporudi, disketi haisomeki. Kabla sijajaribu lolote, ukakatika tena, na mlangoni akaingia mwenyekiti wa ushirika, Mama Lusajo, anakung'uta mwavuli.

"Mwalimu, mimi narudi Matwebe nikachume chai," nikasema. Sikuwa na hata nguvu ya kulia.

"Iliyopotea ilikuwa kwenye disketi, dada," akajibu. "Kichwani hakijabaki kitu?" Akanipa chaki.

Nikasimama ubaoni, nikamwonyesha yule mama hatua moja baada ya nyingine: jina la mfugaji linaingia hapa, lita zinaingia hapa, jumla inatoka huku. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na anayeleta maziwa asubuhi na jioni?"

Huyo sikuwa nimemfikiria. Programu yangu ingefuta maziwa ya asubuhi na kuweka ya jioni. Mfugaji angedhulumiwa, na nani angejua? Nikaona aibu, nikafuta ubao, nikaanza upya mbele yake.

"Huyu anaelewa," akamwambia mwalimu. Akanigeukia. "Ndaga, asante mwanangu. Kesho njoo tunapopokelea maziwa uone tunavyopima, ndipo uandike."

Nilikwenda. Programu ya pili niliiandika kwa haraka kuliko ya kwanza, na ilikuwa bora. Wakaniajiri. Mama hakunisifu. Siku moja alimfunga mtoto mgongoni akaja ofisini, akakaa kwenye benchi ananitazama nikifanya kazi, mpaka nilipomaliza tukarudi wote nyumbani.

Juzi ulinionyesha programu yako, mwanangu, inapendeza kweli. Nikakuuliza mstari mmoja unafanya nini, ukacheka, ukasema uliukuta umeandikwa hivyo ukauchukua. Sikukugombeza, nilikuwa nimechoka. Leo nakuambia: usimpelekee mwajiri kitu usichoweza kukieleza ubaoni mashine ikiwa imezimwa. Kikigoma, usikimbilie wa kukurekebishia. Kaa nacho, kisome mstari kwa mstari. Na kabla hujaandika, nenda ukawaone watu wenye kazi yao, uwaulize, hata kama ni mbali na viatu vitalowa. Utachoka. Hakuna atakayekuficha hilo, mimi sikufichi. Lakini uchovu wa kujifunza una mwisho, wa kujifanya unajua hauna.

Mungu akupe macho ya kuliona kosa lako kabla halijamuumiza mtu, akupe na moyo wa kukaa nalo mpaka linyooke. Akutangulie katika kila mlango utakaobisha. Haya, nenda kafanye kazi. Mimi nipumzishe macho.