Miguu ya Shakwe Mweupe

Padri mstaafu wa ghorofa ya chini alinigongea Jumamosi moja asubuhi, darubini mbili zikining'inia shingoni. Alikuwa amefundisha Kongo miaka mingi, na mimi Mtanzania ndiye niliyekuwa mtu wake wa kupiga naye soga kwa Kiswahili. Aliniomba nimsindikize kwenye mfereji wa meli, upande wa Molenbeek hapa Brussels, tukatazame ndege. Mtu aongeaye kama cherehani, lakini siku hiyo njia nzima kimya. Nikaanza kumtilia shaka.

"Bon, maman," alisema tulipofika, akanipa darubini moja na kikaratasi. "Angalia ule ndege kwenye bateau. Andika ile yote unaona, na utie sahihi. Usiniulize kitu."

Alikuwa shakwe mweupe pee, ametulia juu ya paa la tishari. Nikauliza ni shakwe gani. Padri akageukia upande mwingine. Nikachungulia daftari lake, akalifunika kwa kiganja.

Nilikasirika. Mimi si wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mzee mwenye rafu nzima ya vitabu vya ndege anataka nini kwa mwanamke asiyejua hata njiwa wa aina mbili? Anataka sahihi ya mtu wa kusema "ndiyo, baba" tu. Wazungu wa aina hiyo nimewaona wengi mjini hapa.

Shakwe akainuka, akajikuna shingo. Miguu yake ilikuwa mifupi, myeusi tii. Niliiona vizuri kabisa. Ili kumkomoa, nikaandika: "Mweupe. Miguu sikuiona." Nikatia sahihi.

Padri alikisoma kikaratasi mara mbili. Ndege alikuwa ameshapaa, na simu yake ilikuwa imenasa nukta nyeupe tu. Ndipo akaeleza. Huyo ni shakwe wa barafu ya Aktiki, ameletwa na dhoruba. Mwingine wa kaskazini anayefanana naye ana miguu ya rangi ya waridi, kwa hiyo miguu ndiyo huwatofautisha. Wakaguzi wa chama chake cha watazamaji ndege walishazikataa taarifa zake mbili, wakisema macho yake yamechoka. Safari hii walitaka shahidi wa pili, ambaye hajaambiwa lolote.

"Njo maana nilinyamaza, maman."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. "Baba, miguu ilikuwa myeusi. Niliiona. Nimeandika uongo kwa hasira."

Alikunja kikaratasi changu na kukitia mfukoni.

"Nakuamini," akasema. "Lakini sasa nimeshakuambia."