Kidole Chini ya Mpini

Chumba cha shangazi yangu Leokadia kilinuka mafuta ya bunduki. Harufu hiyo ilikaa juu ya harufu nyingine zote za nyumba yetu: ya nyasi kavu zilizotandazwa sakafuni, ya moshi wa jikoni, ya kahawa iliyoanikwa uani. Ilikuwa nzito, tamu kidogo, yenye kukwaruza koo, na hadi leo nikipita kwa fundi cherehani anayetia mafuta mashine yake, miguu yangu hupunguza mwendo kabla sijajua kwa nini. Tuliishi juu ya Muleba, mahali ambapo migomba inashuka mlimani mpaka karibu na barabara ya Biharamulo. Vita ilikuwa imekwisha. Walioandamana na jeshi kuvuka mto Kagera walikuwa wamerudi, wale waliorudi, lakini bunduki nyingine zilikuwa zimebaki mikononi mwa watu wasiojulikana, na magari yalikuwa yakisimamishwa njiani mchana kweupe.

Shangazi alikuwa mdogo wake baba. Aliolewa Rubafu na mfanyabiashara aliyekuwa akienda na kurudi Uganda, na mume huyo alipokufa, akiwa amekonda hadi watoto wa mke wake wa kwanza hawakumtambua, shangazi alirudi kwetu na mkeka wake na sanduku moja. Wakati wa vita alikuwa amepitia mafunzo ya mgambo pamoja na wanaume na akawashinda wengi wao kwa shabaha. Kwa hiyo chama cha wakulima kilipotafuta walinzi wa gari la malipo ya kahawa, kilimwajiri yeye na kijana mmoja, Deusi, mtoto wa pekee wa kiume wa jirani yetu Ma Valeria, ambaye kibanja chake cha migomba kilipakana na chetu. Wote wawili walipewa bastola, na mwanajeshi mstaafu akawafundisha kuzitumia bondeni nyuma ya mlima.

Bastola ile ilimtesa shangazi mwanzoni. Alikuwa amezoea bunduki ndefu inayoegemea begani, na sasa teke lote la risasi lilikuwa likiishia kiganjani. Alirudi nyumbani ngozi ya kati ya kidole gumba na cha shahada imechubuka, kifundo kimevimba, asiweze hata kumenya ndizi. Mama alimkandia kwa maji ya moto yenye chumvi na kumwambia aiache kazi hiyo. Jioni shangazi alikaa kizingitini na bastola isiyo na risasi, akiigeuza mkononi kama mtu anayejaribu kiatu, akiishika juu, akiishika chini, akifumba macho. Siku nyingi zilipita hivyo. Kisha maumivu yakapungua, yakaisha, na mama akaacha kuchemsha maji.

Deusi ndiye aliyeendelea kuumia. Alikuwa na mikono mikubwa kama makasia, na alikuja kwetu uani akiwa na malengelenge, akaketi kwenye gogo, akacheka kwa haya. Shangazi alihakikisha bastola haina kitu, akamwekea kiganjani.

"Unaikaba kama kuku anayetaka kukimbia," alimwambia. "Ndiyo maana mkono unatetemeka na kuchubuka. Ishike juu kabisa, pasiwe na nafasi, halafu ilingane na mfupa wa mkono wako. Kifundo kisipinde. Mkono wa kushoto ndio ukaze, wa kulia upumzike."

Deusi alijaribu. Bado kidole chake cha mwisho kilikosa pa kukaa, kwa kuwa mpini ulikuwa mfupi kuliko kiganja chake, na kila mara kiliteleza na kubanwa. Shangazi alikishika kidole hicho, akakikunja, akakiingiza chini ya mpini, kikawa kama kigoda kilichobeba chuma chote. "Kiache hapo," alisema. Deusi aliinua mikono akaelekeza mgombani, akatabasamu. Nilikuwa karibu nao nikitwanga karanga, na ninakumbuka niliona wivu, maana nilimpenda Deusi kwa namna watoto wa kike wa miaka kumi wanavyopenda: alikuwa akituimbia nyimbo za kambini, na msimu wa senene alitupanulia mifuko yake tujichotee.

Baada ya misimu miwili ya kahawa Deusi aliacha kazi, akisema ulinzi haumlipi, akaenda visiwani kuvua. Kwa muda Ma Valeria alipokea samaki wakavu kutoka kwake na kutugawia. Kisha samaki wakaacha kuja, na Ma Valeria akaacha kumtaja.

Siku gari la malipo liliposimamishwa kwenye mteremko wa mikaratusi, shangazi alifika nyumbani jua bado halijatua, kitenge chake kikiwa kimekaukiwa na damu. Alikaa kwenye nyasi mbele ya baba na kueleza yote kwa sauti ya mtu anayesoma. Gogo lilikuwa barabarani. Wanaume watatu walitoka vichakani, nyuso zimefungwa vitambaa, wakampiga risasi dereva begani. Mmoja alimwelekezea shangazi bastola, na shangazi akaona kidole cha mwisho kimekunjwa chini ya mpini.

"Nilimwita jina lake," alimwambia baba. "Nilidhani atashusha mkono. Hakushusha. Nami nikapiga."

Wenzake walikimbia. Shangazi alimfungua kitambaa, akampa maji ya rejeta yaliyokuwa garini, akamwekea kichwa mapajani. Deusi hakumlaumu. Alimwomba jambo moja, asimwambie mama yake aliyempiga ni nani. Kisha akafa, na shangazi akamfumba macho.

Baba alisema ombi la marehemu liheshimiwe. Tunapakana nao, alisema, tunachota maji mahali pamoja. Shangazi alisikiliza, akaenda kunawa, akavaa nguo nyingine, akapita katikati ya migomba kwenda kwa Ma Valeria. Tulisikia kilio kimoja, kirefu. Aliporudi alisema amemwambia yote. Kuanzia siku hiyo Ma Valeria alichota maji alfajiri, kabla yetu, na njia ndogo kati ya vibanja viwili ikaota majani.

Ugonjwa uliomkondesha mumewe ulimpata shangazi mwaka uliofuata. Watu waliuita kwa jina la mashati yaliyoletwa kwa magendo kutoka Uganda, wakashusha sauti kila walipolitaja. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini sisi tulificha. Tulisema ni homa, tulisema ni kifua. Wageni walisalimia kutoka uani. Mama alimtunza kwa upendo, ingawa nilimwona akisita kabla ya kumshika, na mimi nilisita zaidi. Katika homa mikono ya shangazi ilikutana juu ya blanketi na kushika kitu kisichokuwepo, kwa nguvu, hadi vifundo vikawa vyeupe. Mama alijaribu kuiachanisha akashindwa. Tulilala tukiisikia mifupa ile ikikwaruza mkeka.

Asubuhi moja Ma Valeria aliingia bila kubisha hodi, amebeba beseni na kitambaa. Mama alisimama akampisha.

"Nimekuja kumwogesha," alisema Ma Valeria. "Mikono hii ndiyo ya mwisho kumshika mwanangu. Siwezi kuiacha ichafuke."

Aliikunjua kidole kwa kidole, polepole, akaiosha, akaipaka samli. Shangazi alifungua macho akamtambua, akalia bila sauti. Ma Valeria alikuja kila asubuhi hadi tulipomzika shangazi kibanjani mwetu, na ndiye aliyemkata kucha za mwisho.

Baba, mama na Ma Valeria nao sasa wamelala chini ya migomba. Siku hizi ugonjwa ule una dawa. Wanaoumwa huzichukua kituoni Muleba wakarudi kulima, na wengine huzeeka wakigombana na wajukuu. Mimi ndiye shangazi wa nyumba hii. Mwaka huu mjukuu wa Ma Valeria, mtoto wa binti yake mkubwa, amemchumbia binti wa kaka yangu, na kabla ya mahari wazee waliniuliza kama kuna neno kati ya nyumba zetu. Nikamwita kijana mwenyewe, nikamwambia lote kama nilivyolieleza hapa. Alinisikiliza simu yake ikilia mfukoni bila kuipokea. Nilitegemea hasira, au aibu. Aliniuliza tu walikuwa na umri gani.

Nilimwambia Deusi alikuwa na miaka ishirini na miwili, na shangazi alikufa hajatimiza thelathini na moja. Katika kumbukumbu yangu walikuwa wakubwa kama milima. Yeye ana thelathini na minne. Aliyageukia makaburi.

"Kumbe walikuwa watoto," alisema.