Ndoo Iliyopumua

Juzi sokoni Kakuma nilimwona mama mmoja Msomali akifunika ndoo ya unga wa anjera, zile chapati laini za Kisomali, kwa leso, nikacheka peke yangu.

Mama yangu alifundishwa kupika anjera na jirani Msomali, tulipokaa mtaa wa Kanamkemer nikiwa mdogo. Mchana mmoja alikoroga unga kwenye ndoo, akaufunika kwa shuka ya baba ili uchachuke hadi asubuhi. Mimi nilirudi kutoka kucheza, nikakuta shuka inapanda taratibu, kitu kinakoroma chini yake, na harufu ya maziwa mala. Kwetu mbuzi mchanga hulazwa ndani na kufunikwa hivyo hivyo, asiunguzwe na jua, nami nikajua ndiye huyo. Nikambembeleza mpaka jioni, nikampa jina Lomeri.

Asubuhi mama alifunua ndoo, akachota, akamwaga kwenye kikaango cha moto.

"Mama, huyo ni Lomeri," nikasema huku nalia.

"Lomeri gani?"

Nikamwonyesha ndoo. Mama akaitazama, akanitazama mimi, akaendelea kupika. Anjera ya kwanza aliipaka samli na sukari, akaniwekea mbele.

Nilimlilia Lomeri mpaka nikamaliza sahani. Kisha nikauliza kama amebaki kidogo.