Kichaka cha Mbele ya Kibao

Mjomba wangu alikuwa mtunza bustani wa manispaa, kibarua wa kulipwa kwa siku. Mama mkwe wake hakuipenda kazi hiyo. Alikuwa akiwaambia watu, "Binti yangu nimemwoza mmwaga maji."

Barabara nzima ya sokoni maua yalikuwa yamenyauka, isipokuwa kichaka kimoja kilichokuwa mbele ya kibao cha kukataza kuegesha magari. Hicho mjomba alikimwagilia asubuhi na jioni, kama anaogesha kichanga. Kikanenepa mpaka kibao kikamezwa. Mwenye gari anaegesha kwa raha zake, akirudi anakuta gurudumu limefungwa mnyororo, na askari wa manispaa kasimama na kitabu cha faini.

"Kibao kiko wapi?"

"Nyuma ya maua, ndugu yangu. Chungulia."

Mkuu wa mapato, ambaye mtaa mzima ulimwita Risiti, alikuwa amemnong'oneza mjomba: "Kichaka kisiguswe na mkasi. Kikistawi, nakupa ajira ya kudumu." Mjomba akaona sasa mama mkwe atamheshimu.

Basi siku moja mama mkwe akaja mjini kwa gari la kukodi. Dereva akaegesha wapi? Palepale. Mjomba kumwona tu, akajitosa kichakani na debe lake la maji.

Mama mkwe alipotoka dukani akakuta mnyororo na askari. "Kibao kiko wapi?"

"Chungulia nyuma ya maua, mama."

Akapenua matawi kwa mikono miwili. Badala ya kibao akakuta mkwewe amechuchumaa, debe mapajani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kumbe kibao chenyewe ni wewe?"

Watu walicheka, wengine wakakaa chini kabisa. Mjomba akaweka debe chini. Alitoka, akachukua mkasi wake mkubwa, akaanza kukata. Majani yalikuwa yanaruka kama manyoya ya kuku, na kibao kikaanza kuonekana, chekundu, kipya, hakijawahi hata kuchomwa na jua.

Risiti akaja mbio, tai begani. "We! Nani kakutuma ukate?"

Mama mkwe akashika kiuno. "Mwambie basi, baba, mbele ya watu hawa. Kwa nini asikate?"

Risiti akatazama watu. Akairudisha tai kifuani. Mwisho akasema, "Aa… kazi nzuri. Askari, fungua gari la mama."

Wiki iliyofuata mjomba akahamishiwa makaburini, kibarua vilevile. Nilidhani mama mkwe ataanza tena maneno yake. Lakini nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia jirani, "Mkwe wangu ni mtunza bustani," na akatamka taratibu ili jirani asikose hata herufi.

Mjomba naye hasikitiki. Anasema huko makaburini kila mtu ameegesha panapostahili, na Risiti akitaka kumfunga mtu mnyororo, aje mwenyewe amwamshe.