Nuksi wa Nyumba ya Sarkhel

Nyumba ya kina Sarkhel, mtaa wa Taltala, Kolkata, ilikuwa na sheria nyingi ambazo hazikuandikwa popote, na iliyoheshimiwa kuliko zote ilikuwa hii: siku India inapocheza kriketi, Monimala haingii sebuleni. Chai ataiacha kizingitini, atagonga mlango, ataondoka, na mtu ataichukua akishahakikisha kwamba amekwenda zake.

Utauliza kosa lake. Kosa lake ni kufiwa. Mumewe Dibakar, mtoto mkubwa wa nyumba ile, alianguka ofisini siku moja akiwa mzima wa afya, hakuinuka tena. Mama mkwe alilia, akafuta machozi, kisha akamtazama mkamwana wake kwa jicho ambalo Monimala hakulisahau. Mwaka uliofuata ikaja ile nusu fainali ya Kombe la Dunia na Sri Lanka, pale pale Kolkata. Mpigaji wetu hodari alikuwa anawatandika vizuri kabisa. Monimala akaingia na sinia la vikombe, na kabla hajaliweka mezani jamaa akatolewa. Waliomfuata wakaporomoka kama wameambizana, watu uwanjani wakawasha moto, mechi ikavunjika. Haradhan, mdogo wa marehemu, aligeuka polepole akalitazama lile sinia.

"Shemeji," alisema, "usiudhike, lakini..."

Alishindwa kumalizia. Mama mkwe akammalizia kwa neno moja: "Nuksi."

Basi ikawa hivyo, mwaka baada ya mwaka. Na kinachokera zaidi ni kwamba katika nyumba ile hakuna aliyeipenda kriketi kumshinda yeye. Baba yake, karani wa bandari, alikuwa akimpeleka uwanjani kila majira ya baridi tangu akiwa msichana mdogo, na mfuko wa machungwa, akae katikati ya akina mama waliokuwa wakifuma masweta huku macho yao hayabanduki mchezoni. Huko ndiko aliwaona wale wa West Indies katika enzi zao. Walitembea uwanjani taratibu kama watu wanaokagua shamba lao, wakarusha mipira ambayo wapigaji wetu waliiona ikishapita. Baba alisema hawa hawatapinduliwa yeye akiwa hai. Kweli alikufa kwanza, ingawa kwa tofauti ndogo, maana muda si mrefu Waaustralia waliwafuata hadi kwao wakawavua ufalme.

Sasa ufalme ulikuwa kwa Waaustralia hao. Mwaka ule, 2001, walikuja India wakiwa hawajui kushindwa. Mumbai walitumaliza kwa siku tatu kati ya tano za mechi, ukawa ushindi wao wa kumi na sita mfululizo. Wakaja Kolkata wakatupiga tena katika awamu ya kwanza, vibaya, hata wakatuambia turudi papo hapo kupiga upya, kwa vile tulivyo dhaifu. Kufika asubuhi ya siku ya nne, wapigaji wetu wanne walikuwa wametolewa, na mjini watu walikuwa wakiulizana tu kama mechi itafika saa nane mchana.

Asubuhi hiyo Monimala alikuwa barazani, nje ya sebule, amekaa chini mbele ya kisu chake cha kusimama kwenye ubao, akichambua ua la mgomba la kupika mchana. Ni kazi ndefu, inatia vidole weusi. Dirisha la sebule lilikuwa na vibao vilivyofungwa, lakini kibao kimoja kilivunjika zamani, na kwa upenyo wake mtu akiinamisha shingo anaiona televisheni nusu. Akasema ataangalia mpira mmoja tu.

Ulirushwa, ukapigwa, ukaenda hadi mpakani. Haradhan akapiga kelele ndani. Ukaja mwingine, nao ukaenda. Monimala akasahau ua la mgomba. Wapigaji wetu wawili waliokuwa uwanjani walipiga kama watu wasioambiwa kwamba wameshashindwa, na nusu saa ikapita bila mmoja wao kutikisika. Hapo ndipo alipotaka kuondoka, na hapo ndipo miguu ilipomgomea.

Maana watu wetu ndivyo tulivyo. Mambo yakikaa vizuri, hakuna kusogea. Aliyekaa atakaa, aliyesimama atasimama, aliyeshika kikombe kitupu atakishika hadi mtu atolewe. Sebuleni Haradhan, aliyeugua ghafla asubuhi ile kama nusu ya wafanyakazi wa Kolkata, alikuwa ameweka mguu mmoja juu ya stuli, na mguu huo hauruhusiwi kushuka. Jirani yao, Bwana Nimai, mstaafu mnene wa posta, alikuwa anaingia mlangoni pigo la kwanza lilipotokea. Akasimamishwa pale pale.

"Haru, nina goti bovu mwenzio!"

"Simama hapo hapo, Bwana Nimai! Ukivuka kizingiti hicho nakuapia sitakuzika!"

"Nitazikwa leo leo, basi, hujui?"

"Utachomwa kama Wahindu wenzako. Nyamaza, anarusha."

Monimala alicheka kimyakimya, kisha kicheko kikamkauka. Ikiwa yeye ni nuksi kweli, mbona hawa wawili wako pale bado? Na ikiwa si nuksi, akiondoka sasa, wakatolewa, atajisamehe vipi? Wakimkuta hapa baada ya mtu kutolewa, hakuna Mungu atakayemwokoa kwa mama mkwe. Aliogopa kukaa na aliogopa kuondoka. Moyo ulimwenda mbio, akabaki na shingo imepinda.

Wakati wa mapumziko ya chakula Tulika, mke wa Haradhan, alitoka barazani kuanika taulo. Alipomwona alishtuka hadi taulo likamponyoka.

"Dada! Uko hapa tangu lini?"

"Tangu mpira wa kwanza."

"Na umeangalia?"

"Nimeangalia yote. Nenda kawaambie, basi, tumalizane."

Tulika aliangalia mlango wa sebule, akamwangalia Monimala, akapiga hesabu iliyoonekana wazi usoni. Kisha akamshika bega akamkandamiza chini.

"Nikawaambie, mimi mwendawazimu? Kaa. Nitakuletea chakula hapa hapa, na nitaimaliza hiyo mboga mwenyewe. Ukitaka kwenda uani, nenda sasa hivi, halafu urudi kukaa vilevile, mguu huo huo."

Mchana ulikuwa mrefu. Kutoka chumba cha nyuma, mama mkwe akaanza. "Moni! We Moni! Mafuta ya magoti yangu yako wapi?" Monimala akauma ukingo wa sari yake nyeupe. "Moni! Umekufa?"

"Shemeji!" Haradhan akapaza sauti kutoka ndani. "Mama anakuita!"

Hakuitika. Upande wa pili wa dirisha, karibu kabisa, Haradhan alisonya.

"Kwa nini haitiki? Yuko wapi huyu mama?"

"Nenda kamtafute," alisema Bwana Nimai kwa uchungu wa mtu aliyesimama tangu asubuhi.

Monimala alifumba macho. Mlango wa baraza ulikuwa hatua chache tu kutoka pale Haradhan alipokaa. Angeufungua tu, angemwona. 

"Niende vipi?" Haradhan alisema mwishowe kwa unyonge. "Mguu wangu uko kwenye stuli."

Hadi jioni ile hakutolewa mtu. Siku nzima, wapigaji wale wale wawili, na Waaustralia wamebadilisha warushaji hadi wakaishiwa. Siku ilipofungwa nyumba ililipuka. Haradhan alishusha mguu ukiwa umekufa ganzi, akayumba, akasukuma mlango wa baraza ili awapigie kelele majirani wa ng'ambo. Miguuni pake akamkuta shemeji yake, amekaa sakafuni kando ya kibao kilichovunjika.

 Bwana Nimai akachungulia nyuma yake.

"Tangu asubuhi?" Haradhan aliuliza.

"Tangu asubuhi," alijibu Tulika nyuma yao.

Monimala alijiandaa kutukanwa. Alikuwa na maneno yake tayari ya kujitetea. Badala yake Haradhan alichuchumaa mbele yake, macho yanameremeta, akaunganisha viganja.

"Shemeji, kesho hapa hapa. Nakuomba. Nitakuwekea mto. Hapa hapa nje, usisogee hata kidogo, chai nitakuletea mwenyewe."

Bwana Nimai naye akaitikia, ndiyo, ndiyo, nje hapo hapo, ndipo palipoleta heri. Mama mkwe, aliyekuwa amejikokota hadi mlangoni kuuliza mafuta yake, akaelezwa, akatikisa kichwa akisema pengine nuksi ikikaa nje ya dirisha hugeuka kuwa kinga. Kila mtu aliona ni maneno ya busara. Monimala ndiye aliyesikia vingine. Kutukanwa angekustahimili, amekuzoea. Hili la kuombwa kwa upole aendelee kukaa nje ya ukuta lilimkata hadi ndani. Alikwenda jikoni, akafunga mlango, akalia kwa hasira.

Asubuhi ya siku ya tano mto uliwekwa barazani, na juu yake ua la manjano. Monimala aliuruka. Alisukuma pazia la sebule, akaingia, akaenda kukaa katikati ya kile kitanda kipana cha mbao walichokitumia kama kochi, mbele ya televisheni. Aliketi akakunja miguu. 

"Shemeji," Haradhan alisema, akiwa ameshapandisha mguu kwenye stuli, "mahali pako..."

"Mahali pangu ni hapa."

"Leo tu, shemeji! Hawa watu wameshinda kumi na sita mfululizo!"

"Na zote kumi na sita nilikuwa jikoni, Haru. Nani aliwashindia?"

Bwana Nimai, safari hii akiwa amewahi kiti mapema, alikohoa. 

Jibu likaja lenyewe, baya. Asubuhi ile ile mmoja wa wale wawili wetu alitolewa. Vichwa vyote vikageuka, na havikugeukia televisheni. Tulika aliinamisha macho. Mama mkwe, kutoka kiti chake cha pembeni, akamtazama kwa jicho lile lile la msibani.  Si kwamba alikuwa haamini mambo hayo, kalelewa humo humo. Ilikuwa imempita akilini kwamba huenda wana haki. Lakini akajua pia kwamba akiinuka sasa, hatakaa tena chumba hiki mpaka afe.

"Sogea kidogo, Haru," alisema. "Kichwa chako kinanizuia."

Wetu wakapiga kidogo tena, wakasema alama zinatosha, wakawaachia Waaustralia zamu ya kupiga. Hadi mapumziko ya chai watatu tu walikuwa wametolewa kati ya kumi waliohitajika ili tushinde, na ilionekana jioni itafika hivyo hivyo, sare, ambayo ingewaacha Waaustralia wafalme vilevile. 

Baada ya chai ndipo mambo yalipogeuka. Wa nne akaenda. Wa tano akamfuata, kisha mwingine, mwingine tena, haraka kiasi kwamba Bwana Nimai alikuwa bado anashangilia kutolewa kwa wa nne. Wafalme walianza kupiga kwa woga, miguu mizito, wakiuangalia mpira kama walivyokuwa wakiuangalia wapigaji wetu zamani mbele ya West Indies. Monimala aliitambua sura hiyo vizuri mno, akashangaa kujikuta anawaonea huruma.  Na sebuleni wote walikuwa wakimtazama tena, ila kwa jicho jingine.

"Shemeji," Haradhan alinong'ona, "usisogee. Hapo hapo. Ulivyokunja mguu hivyo hivyo, tafadhali."

Amebaki mmoja, na mipira inaelekea kwisha. Monimala aliwatazama mmoja mmoja, Haradhan na stuli yake, Tulika na viganja vilivyofungamana, mama mkwe aliyekuwa anamkodolea macho kwa mara ya kwanza kama anayeomba. Alikuwa ametamani kutazamwa hivyo miaka yote ile. Sasa ametazamwa, akaona hakuna tofauti. Nje walimfunga kwa nuksi yake, ndani wanamfunga kwa bahati yake. Na koo lilikuwa limemkauka.

Akashusha miguu, akasimama.

"Shemeji!"

"Dada, jamani, kaa!"

"Nina kiu," alisema.

"Mmoja! Amebaki mmoja! Nakuletea mimi hiyo chai!" Haradhan alilia, lakini mguu ulikuwa kwenye stuli, na hata sasa hakuthubutu kuushusha.

Monimala alipita mbele ya televisheni bila haraka, sari yake nyeupe ikawaziba picha kwa muda. Mama mkwe alitoa sauti kama amechomwa mwiba. Birika lilikuwa juu ya meza ya kona. Alimimina, akanywa funda moja, chai imepoa, akaanza kurudi na kikombe mkononi.

Uwanjani kelele zilipasuka. Mrushaji wetu alikuwa amegeuka kumwomba mwamuzi, mikono juu, na mwamuzi akainua kidole kumtoa yule wa mwisho. Kelele halisi za uwanja, kutoka ng'ambo ya Maidan, ule uwanda mkubwa wa nyasi wa mji, zikafika kwa kuchelewa kidogo zikatikisa vioo. Mtaa mzima ulifungua madirisha. Bwana Nimai alikuwa anacheza na goti lake bovu. Tulika alimkumbatia mama mkwe, akamwacha, akamkumbatia tena. Haradhan alilia kama mtoto, akaja mbio, akamwinamia Monimala akamgusa miguu kwa heshima.

Kisha akainua uso, amelowa machozi, na kwa haraka ya mtu anayeogopa kusahau jambo muhimu akaangaza sakafuni.

"Shemeji, mpira ule ulipompata yule wa mwisho, ulikuwa umesimama wapi hasa? Hapa? Au pale kwenye zulia?"

 Mama mkwe alisogeza kiti chake mbele.

"Sikuwa nimesimama," alisema Monimala. "Nilikuwa natembea."